Elektroni hutoka hata penye baridi

Nilipokuwa kidato cha nne nilikaririshwa kwamba elektroni hutoka katika chuma kikipashwa moto. Nikakariri, nikafuzu mtihani. Laiti ningalielezwa kwamba tangu mwaka wa 1928 Fowler na Nordheim walikwisha kuonyesha jinsi nguvu kali za umeme zinavyozichomoa elektroni katika chuma baridi!

Mwaka wa 1968 Charles Spindt, huko California, alieleza namna ya kuunda vyanzo vidogo vya aina hiyo. Tundu la upana wa mikromita moja hivi hutobolewa katika utando wa chuma, kisha mvuke wa molibdeni hushushwa humo. Mvuke huo huganda ukingoni pia, tundu likazidi kuzibika. Basi chuma kinachotua chini huendelea kupungua upana hadi kikawa koni yenye ncha kali. Naam, tundu linalojifunga ndilo linaloichonga ncha! Kwa kuwa nguvu za umeme hukusanyika nchani, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 1976 volti 100 hadi 300 zilitosha.

Mbona basi runinga zetu hazikuundwa hivyo? Ncha hizo zataka ombwe safi. Gesi kidogo tu huzichafua, na cheche moja yaweza kuiyeyusha ncha. Kupata maelfu ya ncha zinazofanana na kudumu kumewatoa jasho mafundi.

Nawasihi walimu wasizifiche kasoro hizi. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini ncha imeungua, hana cha kukariri.