Safirisheni Damu, Si Mgonjwa

Katika nchi yetu maradhi hupewa uzito kwa kadiri ya kelele zake. Kipindupindu hupiga kelele, na haupiti muda viongozi wakawa barabarani. Tezi ya shingo iliyodhoofu haipazi sauti. Humchosha mtu taratibu, humtia baridi, humwongezea uzito, hukausha ngozi, hufunga choo, hupunguza mwendo wa moyo na wa fikra. Na kwa kuwa wengi wa wagonjwa ni wanawake, majibu yamekwisha kuandaliwa: ni umri, ni uvivu, ni mawazo, ni mkono wa mtu. Juu ya Himo, kuelekea Kilema na Marangu, lipo jibu jepesi zaidi: ni baridi ya mlima.

Mimi ni mwalimu wa chuo, si tabibu, na sikusudii kumwandikia mtu dawa. Hoja yangu ni ya utawala. Ugonjwa huu ni miongoni mwa maradhi ya kudumu yaliyo rahisi kuyadhibiti, na sisi tumeufanya mgumu kwa kuweka kipimo na dawa yake mbali na mgonjwa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Tezi ya shingo hutoa homoni inayoongoza kasi ya mwili. Inaposhindwa, ubongo huituma homoni nyingine, iitwayo TSH, kuihimiza ifanye kazi. TSH ikipanda huku homoni ya tezi ikishuka, damu imekwisha kusema. Tiba ni kidonge cha levothairoksini kila siku, mara nyingi kwa maisha yote. Ni dawa ya zamani, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini dozi yake haikisiwi. Dawa hukaa mwilini kwa muda mrefu, hivyo baada ya kila badiliko la dozi husubiriwa wiki 6 hadi 8 ndipo damu ipimwe tena. Dozi ikishatulia, kipimo kimoja au viwili kwa mwaka hutosha.

Sasa tuhesabu safari. Kipimo cha TSH huhitaji mashine ambayo kwa kawaida huishia hospitali kubwa. Kwa mama wa Kilema, hiyo ina maana ya kushuka Himo, kisha kusafiri kama kilomita 27 hadi Moshi, kwenye hospitali ya Mawenzi au KCMC. Dozi ikirekebishwa mara tatu katika mwaka wa kwanza, ni safari tatu za kutoa damu, na pengine tatu nyingine za kufuata majibu. Kila safari ni nauli, ni siku ya soko iliyopotea, ni ng'ombe asiyekatiwa majani. Akiacha njiani, sisi wasomi tunaandika katika ripoti kwamba mgonjwa hakuzingatia matibabu. Neno hilo linamhamishia mgonjwa kosa la mpangilio.

Wapo watakaosema jambo hili lilikwisha kwa chumvi. Kweli, taifa lilifanya kazi ya kusifiwa: katika miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika sana, na katika miaka ya 1990 ikawekwa sheria ya kutia madini joto kwenye chumvi. Rovu zilipungua. Lakini chumvi haimponyi mtu ambaye kinga ya mwili wake mwenyewe inaishambulia tezi, hali aliyoieleza daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Wala haimsaidii aliyeondolewa tezi yote kwa upasuaji. Huyo ameponywa uvimbe na kukabidhiwa kidonge cha maisha, kisha akarudishwa kijijini ambako kidonge hicho hakipo.

Watasema pia kwamba huduma ya namna hii haiwezi kushushwa hadi ngazi ya chini. Imeshashushwa. Nchi ilipoanza kutoa dawa za kufubaza VVU mwaka 2004, tiba hiyo nayo ilionekana kuwa ya hospitali kubwa. Leo inatolewa hadi kwenye zahanati, na mgonjwa aliyetulia huchukua dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Matone ya damu ya watoto waliozaliwa na mama wenye VVU yalikaushwa kwenye karatasi na kusafirishwa hadi maabara za kanda, KCMC ikiwa mojawapo. Mtoto alibaki na mama yake. Damu yake ndiyo iliyosafiri. Tofauti kati ya VVU na tezi, basi, si ya kisayansi. VVU vilikuwa na fedha za Marekani na za Mfuko wa Dunia, na tezi haina mfadhili. Taifa linalosubiri mgeni alipie ndipo lione ugonjwa limeacha kujitawala katika jambo la msingi.

Suala la dawa nalo lina siasa yake. Mgonjwa hupewa chapa iliyopo dukani siku hiyo, na mwezi ujao nyingine. Kwa dawa nyingi hilo halina neno. Kwa levothairoksini, ambayo tofauti ndogo ya kipimo huonekana katika damu, badiliko la chapa hudai uangalizi na kipimo kipya. Ufaransa ilijifunza mwaka 2017, kampuni ya Merck ilipobadilisha viambato visaidizi vya Levothyrox: mamlaka ya dawa ilipokea malalamiko ya wagonjwa zaidi ya 30,000. Wale walikuwa na mahali pa kulalamika na maabara ya kupimia karibu na nyumbani. Mgonjwa wetu atajuaje kwamba uchovu uliorudi umetokana na kopo jipya?

Na nani anamweleza namna ya kumeza? Kidonge hiki hutakiwa tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Kahawa, fahari ya mlima huu, hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Vidonge vya madini chuma hufanya vivyo hivyo, na hutakiwa vitengwe nacho kwa saa nne. Hivyo ndivyo vidonge ambavyo kliniki ya wajawazito humpa kila mama, katika kipindi ambacho hitaji lake la levothairoksini huongezeka kwa faida ya ubongo wa mtoto. Mkono mmoja wa serikali unatoa dawa, na mwingine, bila kujua, unaizuia.

Hoja ya bajeti naiheshimu, lakini ijibiwe kwa ukamilifu. Mtoto aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi, akianza tiba katika wiki za mwanzo, hukua kama wenzake; akichelewa, akili yake huharibika pasipo marejeo. Quebec nchini Kanada ilianza kuwapima watoto wachanga kwa tone la damu katika miaka ya 1970. Nusu karne baadaye, hatuna mpango wa kitaifa wa kumpima kila mchanga. Gharama ya kutopima tunailipa. Tumeipeleka tu kwenye mfuko wa mama.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 iliahidi kwamba hakuna atakayeachwa. Kuta na kadi ni mwanzo; mgonjwa anatibiwa kwa kipimo na kidonge.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wa Wizara, TAMISEMI na halmashauri mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wao. Damu itolewe kituo cha afya, isafirishwe Moshi, majibu yarudi kwa simu. Levothairoksini ifike ngazi hiyo, itolewe ya miezi mitatu kwa aliyetulia. Chapa ikibadilika, mgonjwa aambiwe na apimwe upya baada ya wiki sita. Watoto wachanga wapimwe, kuanzia wanaozaliwa hospitalini.

Wanaharakati, ulizeni katika kikao kijacho cha bajeti ya halmashauri yenu: kipimo cha TSH kinapatikana ngazi ipi, na nauli ya kukifikia inalipwa na nani? Wanafunzi wangu, hiyo ni mada ya tasnifu inayongoja mwandishi.