Mtoto Hauzwi
Ilani, Hong Kong, 1937

Ndugu zetu wa Hong Kong, Singapore na Penang. Walimu, wauguzi, wachukuzi wa bandarini. Nanyi akina mama mliotumikishwa tangu utotoni: zama mpya zimewadia. Utumwa wa mui tsai, mabinti wadogo wanaotolewa kutumikia nyumba za watu, umeshahukumiwa. Serikali za kikoloni zimechelewa, sisi hatuchelewi.

Tunakataa hati ya kutoa mtoto. Baba aliyebanwa na deni anatia dole gumba kwenye karatasi, anapokea fedha, na binti yake mdogo anaingia nyumba ya watu kupika, kufua na kubeba watoto wa wenzake, bila mshahara, hadi wenye nyumba waamue kumwoza. Wanasema ni hisani kwa maskini. Kama ni hisani, mbona haruhusiwi kuondoka?

Tunakataa kuambiwa kwamba hii ni mila ya Wachina isiyoguswa. Wachina wa Hong Kong wenyewe waliunda chama cha kuipinga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Tunakataa ahadi za mdomoni. Mwaka 1922 Winston Churchill, waziri wa makoloni, aliliambia Bunge la Uingereza kwamba anatarajia utaratibu huu ukomeshwe ndani ya mwaka mmoja. Sheria ikapita Hong Kong mwaka 1923, lakini kifungu cha kuwaandikisha wasichana kikafungiwa kabatini hadi 1929. Miaka sita! Binti aliyekuwa na miaka kumi siku sheria ilipopita alikuwa amefikia umri wa kuozwa kabla jina lake halijaandikwa popote.

Tunakataa daftari linalomwacha mtoto nje. Usajili wa Hong Kong ulifungwa mwaka 1930 ukiwa na majina zaidi ya 4,000. Tangu hapo mwenye nyumba akiulizwa hujibu, "Huyu ni binti yangu wa kulea," na mkaguzi hugeuka. Malaya nako, sheria ya 1932 imeacha mwanya huohuo. Tume ya Woods, ya kuchunguza utaratibu huu, imekuja, imeuliza, na wajumbe wake wengi wameridhika na daftari la mui tsai peke yao. Mjumbe mwenzao, Edith Picton-Turbervill, amewapinga: wasichana wadogo wote waliotolewa kwa wazazi wao waangaliwe, waitwe jina lolote. Tuko naye.

Tunaamini siku inakuja ambapo kila binti aliyehamishwa atatembelewa na mwanamke anayejua lugha yake, aulizwe faraghani, bila bibi wa nyumba kusimama mlangoni. Tunaamini atalipwa akifanya kazi, atasoma akiwa na umri wa kusoma, ataolewa na amtakaye. Tunaamini mkulima wa Guangdong atasaidiwa mwaka wa njaa ili asilazimike kumtoa mwanawe. Tutaishi kuiona siku hiyo, kwa sababu tutaijenga kwa mikono yetu.

Ndugu, jikoni kwa jirani yako kuna binti asiyekwenda shule. Muulize jina lake, muulize kwao ni wapi, kisha njoo utuambie. Jiunge nasi leo.