Mlango wa Mtambo Ufunguliwe kutoka Ndani

Kuna kasumba inayoenea miongoni mwa wakuu wa viwanda na mashirika ya maji na umeme, nayo ni kudhani kwamba mtambo ukishaunganishwa na mtandao ili fundi aliye mbali aweze kuuchunguza, basi shirika halina haja tena ya fundi aliye karibu. Kasumba hiyo yafaa ipigwe vita mapema, kabla haijaandikwa katika mikataba.

Hapana ubishi kwamba uchunguzi wa mbali una faida. Kidhibiti cha mtambo, yaani kile kisanduku kinachosoma vipimo, kuwasha mota na kufungua vali, huweka kumbukumbu ya hitilafu zake. Fundi aliye nchi nyingine akiweza kuisoma kumbukumbu hiyo, huenda akagundua kwa dakika chache kwamba kinachokwamisha kazi ni swichi moja iliyolegea, wala si mota iliyoungua. Anayeipinga huduma hiyo kwa woga tu anataka kiwanda kisimame juma zima kikimsubiri mtaalamu ashuke kwenye ndege.

Lakini mara nyingi njia ya kusomea ndiyo hiyo hiyo ya kuamrishia. Modbus, mojawapo ya lugha zinazotumiwa sana na vidhibiti, ilitungwa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon ya Marekani, kwa ajili ya nyaya zisizotoka nje ya kuta za kiwanda. Kwa hiyo lugha hiyo haimwulizi mtu jina. Anayebisha huitikiwa, na anayeamuru hutiiwa. Kuitoa kwenye intaneti bila kinga ni kuacha ghala wazi usiku na kutumaini kwamba wezi hawaijui njia.

Yaliyotokea Aliquippa, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, tarehe 25 Novemba, 2023, yanatosha kuwa ushahidi. Wavamizi, ambao serikali ya Marekani iliwahusisha na Walinzi wa Mapinduzi wa Iran, waliingia katika kidhibiti cha kituo kimoja cha kusukuma maji, wakaandika vitisho vyao kwenye kioo chake. Kosa la kituo hicho lilikuwa kutumia chombo cha Unitronics, kampuni ya Israel. Wala kazi yao haikudai elimu kubwa: vidhibiti vya aina hiyo vilitoka kwa mtengenezaji vikiwa na neno la siri 1111, na wakuu wa usalama wa mitandao wa Marekani walieleza kwamba yaelekea wavamizi walipita mahali palipoachwa wazi kwenye intaneti, penye neno la siri dhaifu au pasipo na neno lolote. Kengele ililia, wafanyakazi wakakizima kidhibiti na kukiendesha kituo kwa mikono. Siku chache baadaye, huko Erris, magharibi ya Ireland, shambulio la namna hiyo liliziacha nyumba zaidi ya mia moja bila maji kwa siku mbili. Wanaohesabu mshahara wa fundi kuwa hasara na wazihesabu siku hizo mbili.

Uzembe haukomei kwenye maji. Vidhibiti vya usalama vya Triconex vina ufunguo wa kugeuza kwa mkono, wa kuzuia programu isibadilishwe. Mwaka 2017, katika kiwanda kimoja cha kemikali za petroli nchini Saudi Arabia, ufunguo huo uliachwa upande wa kuruhusu. Wavamizi wakapenyeza programu yao ndani ya chombo kilichowekwa kuokoa maisha ya watu!

Hapana budi mikataba iseme waziwazi kwamba njia hufunguliwa na fundi wa zamu, kwa saa maalumu na kwa mtu anayejulikana, kisha hufungwa. Ruhusa ya kusoma isichukuliwe kuwa ruhusa ya kubadilisha. Nakala ya programu ikae katika kabati la shirika, hata kama mwuzaji ananung'unika. Na kwa kawaida hunung'unika. Afisa anayeletewa mkataba usiotaja mwenye ufunguo, naye hana katika shirika lake fundi awezaye kuendesha pampu kwa mikono saa nane za usiku, asitie sahihi.