GITAA NA SANDUKU LA CHAMA

Ndugu wanachama,

Wapo kati yetu wanaosema akiba ya tawi igawanywe sasa, kila mtu ale chake. Tunawajibu kwa habari ya gitaa.

Hapa Machakos gitaa la stima si kitu kigeni. Tumelicheza tangu siku za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Vijana husifu jina lililoandikwa juu yake. Sisi twauliza: ni nani aliyelichonga?

Kampuni ya Gibson ilianzishwa mwaka 1902 katika mji wa Kalamazoo, Marekani. Mwaka 1936 ilitoa gitaa la stima la ES-150, na mwaka 1952 likaja la Les Paul, lenye jina la mpiga gitaa mashuhuri. Jina la fundi halikuandikwa.

Mwaka 1969 kampuni ikaingia mikononi mwa matajiri wapya, waliojiita Norlin baadaye. Wakajenga kiwanda kingine Nashville, mbali kusini. Mwaka 1984 wakafunga kile cha Kalamazoo. Jina likahama. Je, ufundi nao ulihama? Hata kidogo! Ulibaki mikononi mwa mafundi.

Jim Deurloo, Marvin Lamb, J.P. Moats na wenzao wachache walikataa kuhama. Wakanunua baadhi ya mashine za zamani, wakaingia jengo lile lile, na mwaka 1985 wakaanza kampuni yao, Heritage. Ndugu, mashine hainunuliwi kwa machozi. Hununuliwa kwa fedha.

Lakini tuseme kweli yote. Kampuni ile ilikuwa mali ya wachache, si ya kila aliyeshika randa. Mwaka 2016 ikauzwa kwa wenye mali wengine, na fundi akabaki kuwa kibarua.

Kwa hiyo tusiige Kalamazoo tu. Tutazame karibu, Wamunyu, kwa wachonga vinyago wenye chama cha ushirika. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache.

Anayetaka sanduku livunjwe leo, atuambie: karakana ikifungwa kesho, atanunua nyundo kwa nini? Akiba ibaki, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Umoja ni nguvu!

Sisi wafanyakazi wa reli, Machakos.