Tovuti ya Shule Kabuchai: Tusitishwe na Wauzaji

Bodi ya shule huku Kabuchai ikitaka kufungua tovuti, wauzaji wa mifumo ya kulipia huijia na maneno yaleyale. La kwanza ni kwamba programu huria, kwa vile kila mtu anaweza kuusoma msimbo wake, ni mlango wazi kwa wezi. Mambo hayako hivyo. Tarehe 15 Oktoba 2014, Drupal, mfumo huria wa kujengea tovuti, ilitangaza kasoro hatari na siku hiyohiyo ikatoa marekebisho. Kasoro yenyewe iligunduliwa na kampuni ya Ujerumani ambayo mteja wake alikuwa ameilipa iukague msimbo, jambo ambalo msimbo uliofichwa haungeruhusu. Waliokuwa hatarini ni waliochelewa: Drupal ilionya kwamba tovuti ambayo haikurekebishwa ndani ya saa saba baada ya tangazo ihesabiwe imeshavamiwa. Kinachoua tovuti ni uzembe wa kusasisha.

Eti cha bure hakifai kazi nzito? Waende Eldoret. Mfumo huria wa OpenMRS, wa kutunza rekodi za wagonjwa, ulitokana na kazi ya mradi wa afya wa AMPATH kwenye hospitali ya rufaa ya Moi, na leo unatumika katika nchi nyingi. Takwimu za afya za Kenya nzima nazo hupitia DHIS2, programu huria inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Shule ya Chwele ina siri gani nzito kuliko hizo?

Wengine hushauri tuchukue mfumo wenye nguvu kuliko yote. Lakini mfumo kama huo, mathalani Drupal, unafaa taasisi yenye idara nyingi na mafundi wa kudumu. Shule inayotangaza karo, tarehe za kufungua na matokeo ya mtihani inatoshwa na WordPress, mfumo huria mwingine, iliyoanza 2003 na ambayo sasa inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Faida kubwa ni kwamba ukimkosa fundi Bungoma, utampata Kitale.

Kuna pia wanaotuambia tovuti haitagharimu chochote. Hapo ndipo shule nyingi huumia. Msimbo ni bure, ila jina la tovuti la .sc.ke na nafasi kwenye seva hulipiwa kila mwaka, na fundi naye ale. Hatari zaidi ni fundi kusajili jina hilo kwa barua pepe yake mwenyewe. Akihamia Nairobi na kubadilisha namba ya simu, shule hubaki na tovuti ambayo haiwezi kuiingia, yenye muundo wa karo wa mwaka juzi.

Kwa hiyo msimalize malipo kabla jina halijasajiliwa kwa barua pepe ya shule. Naibu mwalimu mkuu abadilishe nywila mbele ya fundi, kisha aweke tangazo na picha moja kwa simu yake, kwa bando la kawaida, akiwa hapohapo Mukuyuni. Akishindwa, kazi haijaisha.