Jua la Mbeya katika Taswira za Majengo

Ndugu mwandishi, katika makala yako umeusifu mno wepesi wa Lumion na Twinmotion, programu za kutengenezea taswira za majengo, ilhali msanifu chipukizi wa Iringa au Mbeya, ambaye aghalabu hana kompyuta yenye kadi ya picha ya nguvu, hawezi kuziendesha ila kwa taabu. Programu ya Blender, iliyofanywa huria mwaka 2002 baada ya wapenzi wake kuchanga euro 100,000, haidai ada, na injini yake ya kuchora picha, Cycles, huridhia kutumia prosesa peke yake, ijapokuwa picha moja huenda ikachukua usiku kucha.

Tena, programu yoyote atakayoihitari mtu, naomba kwa dhati jua liwekwe mahali pake. Mbeya i nyuzi 9 hivi kusini mwa Ikweta. Adhuhuri ya Juni jua huelekea kaskazini, na ukuta wa kusini hukaa kivulini. Mteja akionyeshwa baraza ya kusini inayong'aa kwa jua la kipupwe, amedanganywa, na baridi ya Uyole, huko Mbeya, ataijua akishahamia. Hata matofali ya kuchoma ya Iringa, yenye wekundu usiolingana, ni afadhali yapigwe picha ukutani na kutumiwa katika taswira kuliko kuazima yale ya Ulaya yaliyojaa katika maktaba za programu hizi.