Rangi Haiondolewi kwa Rangi
Nimeisoma kwa makini rai iliyochapishwa majuzi, ya kwamba mwanamke aliyejipaka rangi nyumbani, nywele zikawa nyeusi tii kinyume cha muradi wake, dawa yake ni kupaka nyingine siku ile ile. Nami, kwa taadhima yote, naikanusha. Rangi ya kudumu haitui juu ya unywele kama vumbi juu ya kanga: amonia huyafungua magamba yake, chembe za rangi hupenya ndani, na peroksaidi huzikuza hata zisiweze kutoka. Na aliyetia hina yenye chumvi za madini, kisha akaongeza peroksaidi, huzihatarisha nywele zake kupata joto kali na kukatika. Binti wa dada yangu alifanya hivyo, nami niliyaokota mashungi yake sakafuni. Lililo salama ni kuziosha kwa shampuu, kuzilainisha kwa mafuta, na kuijaribu dawa yoyote kwanza kwenye ngozi kwa saa 48, kisha kwenye shungi moja la kisogoni. Nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi. Subira, basi, si ajizi, bali ndiyo tiba.